Bendera Nusu Mlingoti

…na kiatu kimoja tayari, cha kushoto, au cha kulia, nikitazama chini naona kiatu na pembeni yake naona soksi, mguu wa soksi ndio Lorna alikuwa ameupakata mapajani kengele ya mlango ilipolia, akaniambia "Usiondoke, Baba," huo ndio utani wetu wa asubuhi, niondoke niende wapi, miguu yenyewe sijaisikia tangu theluji ya kwanza, akainuka kwa kushika ukingo wa kitanda, nyonga yake mbovu ikalia, akatoka akichechemea, na mguu wangu ukabaki hewani kidogo kabla haujakumbuka kushuka, na mimi nilikuwa nawaza nini… Burdick, nilikuwa namuwaza Burdick, kwamba amekufa, Clayton Burdick aliyenitoa kwenye kiti cha ugavana, amekufa alfajiri ya leo kitandani kwake huko magharibi, wanawe wote wamemzunguka, ndivyo alivyosema yule binti wa ofisi ya gavana kwenye simu, "Mheshimiwa Gavana, nasikitika kukuarifu," maana hapa kwetu ukishakuwa gavana hata kwa muhula mmoja unaitwa hivyo mpaka unafukiwa, daktari wa meno ananiita Gavana, muuguzi anayekuja kunikata kucha ananiita Gavana, geuza mguu Gavana, leta kidole gumba Gavana, nikamshukuru yule binti, nikarudisha simu mahali pake, nikakaa nikaitafuta huzuni pale ilipozoea kukaa, sikuikuta, nikaitafuta furaha basi, maana alinishinda yule bwana, tena kwa kura chache, watu wake wa ziada wangeenea wote kwenye ukumbi wa kanisa letu na viti vingebaki, lakini furaha nayo sikuikuta, kifuani kimya, hakuna mtu, na Lorna akauliza "Nani huyo, Baba?" nikamwambia Burdick amekufa, akasema "Masikini," akaendelea kunichana nywele, na zile nywele nazo, Mungu anisamehe, ni chache kiasi kwamba kuzichana ni heshima tu.

Halafu simu ikalia tena, huyo wa pili ni wa jumba la makumbusho la mji mkuu, kijana, kazi yake ni magavana, waliokufa na sisi tuliochelewa, ana sauti ya mtu aliyekunywa kahawa nyingi, akasema pole kwa kumpoteza mwenzako, akameza mate, akasema lakini, Mheshimiwa, wewe tayari ndiye gavana mstaafu uliyeishi muda mrefu kuliko wote katika historia ya jimbo, na siyo hilo tu, ukifika majira ya kuchipua utampita hata yule wa kusini aliyeshikilia rekodi tangu babu zetu, hakutakuwa na mtu katika nchi nzima, tangu iwe nchi, aliyetoka ikulu ya jimbo lake akaishi miaka mingi kiasi hicho, "Ni theluji hii tu iyeyuke, Mheshimiwa, jitahidi tu," ananishangilia, nikamwambia nitajitahidi, nilisema hivyo kwa sauti ile ya zamani, ya jukwaani, nitajitahidi, na Lorna alikuwa mbele yangu akinifunga vifungo vya shati, vidole vyake vikasimama kwenye kifungo cha shingoni, vikakaa hapo, halafu vikaendelea, nikatazama dirishani… nijitahidi nini, kuishi siyo kazi ninayoifanya mimi, mimi nimekaa, kazi anaifanya Lorna, ananitoa kitandani na kunirudisha, ananikatia nyama, ananimezesha vidonge, ananifuta, naye mwenyewe ni bibi, ana nyonga ya kubadilishwa ambayo daktari amemwambia isingoje na yeye ameingojesha, ana wajukuu mapacha kule Tucson wanaotembea tayari na hajawahi kuwashika, anawaona kwenye simu, wanalamba kioo, yeye anacheka kwa mdomo tu, kisha anaizima anakuja kuniuliza kama nataka supu, na ninasema ndiyo, kila mara nasema ndiyo, hata sijui kama naitaka hiyo supu.

Bendera imetulia. Kutoka hapa dirishani naona uwanja wa mahakama na mlingoti, bendera ipo nusu, nilimwona Duane Stenson wa zimamoto akiipandisha asubuhi, akaipeleka mpaka juu kabisa ndipo akaishusha nusu, hivyo ndivyo inavyotakiwa, juu kwanza halafu nusu, wengi hawajui, Duane anajua kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha, akafunga kamba, akavua kofia kwenye baridi ile, akageuka akatazama huku, kwenye nyumba yetu, akasimama muda mrefu na masikio yake mekundu, nikajiuliza mbona ananitazama mimi, Burdick ndiye aliyekufa na Burdick hakuwahi kukanyaga mji huu ila siku ile ya mdahalo, mvua ikanyesha, mahema yakaanguka, yeye akapanda juu ya trekta la mtu akahutubia akiwa amelowa, watu wakampenda hapo hapo, mimi nikabaki chini na mwavuli… alikuwa akinipigia kila nilipotimiza mwaka, "Arvid, bado unang'ang'ania kiti?" namwambia nakusubiri utangulie, si wewe ndiye uliyezoea kuwa wa kwanza, anacheka mpaka anakohoa, mke wake anamnyang'anya simu, na mwaka huu hakupiga, na mimi sikuuliza, nilifikiri nitamwomba Lorna anipigie, nikala supu, ikapita.

"Lorna! Lorna wangu! Jamani, mpenzi, pole, pole sana," hiyo ni sauti ya Verna Kjos wa nyumba ya pili, mlango wa jikoni umefunguliwa, baridi inatambaa mpaka huku chumbani, "Tumeona bendera, mwaya, tumeona, nikasema sikai mimi, nimekuja na vazi la kulalia ndani ya koti," na nyuma ya sauti inakuja harufu, tambi na samaki wa kopo na jibini iliyoungua juu, chakula cha msiba cha watu wetu, hakuna aliyewahi kufa katika kaunti hii bila tambi za Verna, zilikuja alipokufa mke wangu Evelyn, sinia juu ya sinia mpaka jokofu likakataa kufungika, nilikula tambi zile mwezi mzima nimekaa mkabala na kiti chake, zilikuwa moto au baridi, sikumbuki… lakini za leo ni za nini, Verna hakumpenda Burdick, alimwita muuza magari mpaka jana, hawezi kumpikia Burdick tambi na kuzileta hapa, "Mzee wa watu," anasema Verna, analia, "jana tu nimemwona dirishani, nikampungia mkono, naye akanipungia, au labda lilikuwa pazia, lakini nilisema hata kama ni pazia, ni yeye," na hapo ndipo inapoanza kuniingia, polepole, kama maji kwenye buti, mzee wa watu ni mimi. Wamepiga simu kutoka mji mkuu wakamwambia Duane gavana mstaafu amefariki, shusha bendera, wakamtajia na jina bila shaka, lakini nani katika mji huu anangoja jina, mji una gavana mmoja, amekaa dirishani pale, bendera ikishuka ni ya kwake, Duane kaishusha, Verna kaiona akiwa anaosha vyombo, basi nimekufa, na oveni imeshawashwa.

Nilitaka kucheka. Nilihisi mahali kicheko kingeanzia, ukutani pa tumbo, kikaishia pale pale, nikafungua mdomo niseme kwa sauti Verna, nipo huku, acha sinia jikoni na ujifunge koti, maneno nilikuwa nayo, yalikuwa yamepangika vizuri, lakini Lorna atamwambia, nikasema, mwache Lorna aseme, yeye ndiye msemaji wangu sasa, na kweli namsikia, "Verna, hapana, ngoja, ngoja kidogo, siyo—" na Verna, "Usiseme kitu. Usiseme kitu kabisa, njoo hapa," nasikia makoti yakisuguana, kumbatio hilo, Verna ni mwanamke mkubwa, akikushika umeshikwa, na Lorna hasemi kitu, nangoja, jokofu linanguruma, nangoja, sasa atajitoa, atasema siyo Baba, ni yule mwingine, watacheka wote wawili, hadithi itazunguka kanisani mpaka Pasaka, sasa, sasa hivi… viatu vizito vinapigwa mlangoni kudondosha theluji, "Dada Lorna," huyo ni Duane, "mimi ni mtu wa maneno machache," na anaanza kuongea, "sijui nikwambie nini, yaani huyu mzee alinitesa, kila asubuhi nikipandisha bendera simu ya mahakamani inalia, karani anafungua dirisha ananipigia kelele, Duane, Gavana anasema imekaa upande, Duane, Gavana anasema hilo siyo fundo, hilo ni tumbo la mbuzi," Verna anacheka huku analia, "basi leo nimefunga fundo zuri, zuri haswa, nikasubiri, nikasema labda atapiga," na namsikia Duane anapenga kamasi, lijitu lile la zimamoto, nililiona limebeba ng'ombe kwenye mafuriko, na mimi hapa nimekaa nasikiliza nikililiwa, na ninachokifikiria ni kwamba ni kweli, fundo la leo ni zuri.

"Aliondoka usingizini?" anauliza Verna.

Sasa atasema. Hapa hapana pa kupita tena, ameulizwa swali waziwazi, Lorna hajawahi kusema uongo, siyo kwa sababu ni mtakatifu, ni kwa sababu hauwezi, alipokuwa mtoto akidanganya alikuwa anashika sikio, nakumbuka ile ikulu baridi na ngazi zake, yeye amesimama chini ya picha ya gavana fulani mwenye ndevu, ameshika sikio, hapana Baba, sikuteleza kwenye mkono wa ngazi, na sketi imepasuka… "Ndiyo," anasema Lorna. Nimesikia vizuri. Masikio ndiyo kitu pekee kilichobaki kinafanya kazi, daktari anayasifu, nimesikia ndiyo. "Na hakuteseka, masikini?" na Lorna anavuta pumzi, naisikia ile pumzi kutoka huku, inaingia, haimalizi kuingia, "Hapana. Hakuteseka. Alikuwa amechoka tu, Verna. Alikuwa amechoka sana, sana, ulikuwa huwezi kujua, kila siku anaamka amechoka, analala amechoka, na anajitahidi, na hakuna anayemuuliza," halafu analia. Mimi sijachoka. Nimekaa kwenye kiti hiki tangu kahawa, nimechoka na nini, mtu akikaa anachoka nini, anayeamka amechoka siyo mimi, anayejitahidi siyo mimi, na ninasikiliza huyo anayelia na mwanzoni siitambui hiyo sauti, nafikiri ni Verna bado, kisha nafikiri ni mtoto, kuna mtoto jikoni, maana sijawahi kumsikia Lorna akilia tangu ule usiku wa matokeo, hotelini, maputo ya rangi yamefungwa darini ndani ya wavu na hakuna aliyethubutu kuukata, kaja yule bwana wa kampeni akainama, akamwambia tabasamu, binti, kamera hizo, tabasamu kwa ajili ya baba, na akatabasamu, machozi yakiwa bado mashavuni, iliingia gazetini picha ile, watu walituandikia kwamba wanampenda binti yetu jasiri, na nilifikiri yalimwisha, nilifikiri ndivyo tulivyo watu wa kwetu, hatulii, hata alipokufa mama yake alisimama mlangoni akipokea masinia, asante, asante, weka pale, na mumewe alipoondoka na yule mwanamke wa bima alikuja hapa na sanduku lake, akasema Baba nitakaa kidogo, akaweka mswaki wake kwenye kikombe changu, akaanza kunifungia vifungo.

"Lia, lia mwaya, toa yote," anasema Verna, "hebu nikwambie kitu, na Mungu anisamehe kukisema siku ya leo, sasa utaenda kuwaona wale mapacha," na Lorna anasema "Nitaenda," anasema haraka mno, hata hakungoja Verna amalize, "nitaenda, Verna, nitakaa nao, nitarekebisha hii nyonga huko huko kwenye joto, nitalala mpaka saa nne asubuhi, nitakaa barazani bila soksi," na sauti yake, sijui niseme nini kuhusu sauti yake, ina miaka kumi na miwili, inateremka kwenye mkono wa ngazi… na hapo inaniuma. Sikuiona inakuja. Nilikuwa nimekaa, sina kitu, Burdick kafa sina kitu, nimekufa mimi mwenyewe sina kitu, halafu barazani bila soksi, ikanipiga hapa, chini ya kifungo cha tatu, inaniuma kweli, siyo moyo, nauelewa moyo wangu, ni kitu kingine, nakijua, niliishi nacho zamani, kila nilipomwona anavuka barabara peke yake. Nampenda huyu mtoto. Anataka nife, na nampenda, na hataki nife hata kidogo, najua hilo pia, asingenifunga skafu ndani ya nyumba, anataka vyote viwili na hana wa kumwambia, amepata dakika chache za kukosea jikoni na Verna, na mimi nilikuwa karibu nimwite.

"Samahani, Dada Lorna," ni Duane, kofia mikononi, siioni lakini najua, "naweza kuingia kidogo nimuage? Kabla hawajaja watu wa mji mkuu na magari yao. Nisimame tu mlangoni," na viatu vyake vinasogea, ubao wa ukumbini unalia, nimekamatwa, tumekamatwa, mimi na yeye, gavana mstaafu aliyeishi kuliko wote amekaa kitini na kiatu kimoja anatoa machozi, na binti yake mwongo mbele ya zimamoto, watamcheka, hapana, hawatamcheka, hawa watu ni wabaya kuliko hivyo, watamsamehe, watamletea keki, watazungumza taratibu akipita dukani, masikini Lorna, alimzika baba yake akiwa hai… "Sasa hivi hapana, Duane," anasema, "nipe dakika. Kaeni. Kunyweni kahawa kwanza, nipeni dakika moja tu," na ubao unanyamaza, kiti kinavutwa, Duane ameketi, namsikia akiketi, Mungu ambariki mtu yule mzito mtiifu, naye Verna anatafuta vikombe kwenye kabati lisilo lake, siyo hapo Verna, kulia.

Basi tufikiri. Niliwahi kufikiri haraka, watu walinilipa kwa hilo, nitasema nilizimia. Nitasema nilizimia kabisa, mwili baridi, hakuna mapigo, yeye angejuaje, na yule mzee Burdick naye kachagua kufa siku hiyo hiyo, mnaona mambo yake, mpaka mwisho lazima anitangulie, watacheka, nitawachekesha mpaka wasahau kuuliza, nimesema uongo mkubwa kuliko huo mbele ya bunge zima nikiwa nimesimama wima, na huu nitausema vizuri, na wakishaondoka nitamwambia aende, nitasema jina la ile nyumba kando ya mto yenye wauguzi, ile niliyokataa hata kuingia mlangoni kwake, nitasema nipeleke Jumatatu, nenda zako Tucson, na yule kijana wa makumbusho ahesabu mwenyewe… lakini siyo sasa, sasa ana dakika yake, kaiomba mwenyewe, sijamsikia akiomba kitu tangu aje na lile sanduku, na mimi naweza kumpa, nimekaa hapa nina kitu cha kumpa, naacha kichwa kiangukie begani, mdomo wazi kidogo, mikono juu ya mapaja, ikiwa Duane atachungulia aone anachokitaka na aondoke ameaga, jikoni kahawa inamiminwa, Verna anasema "Na lile koti lake la manyoya ya mbweha, utampa nani, hakuna mtu mwenye mabega yale tena," na Lorna anasema kitu, sikukisikia, na anacheka, mwanangu anacheka, pua imeziba na anacheka, na sasa koo linaanza kuniwasha, huku ndani kabisa, linapanda, tulia, Arvid, meza mate, usikohoe.